Marehemu Arobaini na Sita

Jumanne, 6 Juni 1995

Afande Luhende hatunaye. Saa nne asubuhi, hospitali. Presha. Juzi alidondoka bustanini kwake na ndoo ya maji mkononi, na mpaka jana jioni alikuwa bado anawatania manesi — eti kitanda chao kifupi, kimetengenezwa kwa kipimo cha wakaguzi wa Magereza, wafupi wote.

Jumamosi alinipita getini, akanitazama juu hadi chini. Akasema, Apolonia, ukiongeza chapati moja zaidi tutaiandikia serikali itanue lango. Sikumjibu. Nilikuwa namtafutia jibu la kumkomesha. Sasa nimelipata na mwenyewe hayupo!

Zamu imekwisha. Sijui hata nimeandika nini kwenye daftari la lango la gereza.

Alhamisi, 8 Juni

Tumezika. Yaani — wao wamezika. Sisi tumefika.

Mazishi yalikuwa kwao, Shishiyu, saa nane mchana. Tuliondoka Bariadi saa tano na gwaride letu, bunduki saba, kombati zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Lori la gereza likazima kabla hatujatoka mjini. Likazima tena mtoni. Mara ya tatu dereva alishuka akaenda kukaa kivulini. Saa kumi na nusu ndiyo tunaingia. Kaburi limeshafukiwa, msalaba umesimama, watu wamenawa wanakula.

Na marehemu alikuwa na msemo wake aliotoka nao jeshini: askari akichelewa, chai yake inanywewa na adui. Miaka kumi na nne katuimbia huo msemo. Siku yake ndiyo tumechelewa saa mbili na nusu.

Mkuu wa Gereza akaamuru gwaride lipigwe hivyo hivyo. Tukaupigia udongo saluti. Watoto walifurahi sana. Staff Sajini Marcelo, aliyekuwa naye jeshini kabla wote wawili hawajaingia Magereza, aliangua kilio mbele ya halaiki, kisha akasema ni vumbi la lori. Mjane, Mama Sayi, katupokea kwa mikono miwili. Mwadila, akatusalimu, mmefika, kaeni mle. Hakutulaumu hata kidogo. Afadhali angetulaumu.

Ijumaa, 9 Juni

Mkuu kaniita ofisini. Kasema aibu ya jana hatalala nayo. Arobaini itafanyika Jumamosi tarehe 15 Julai, tutakwenda wote, tutawahi, na tutamkabidhi mjane kitabu cha kumbukumbu. Kila aliyefanya kazi na marehemu aseme neno. Siku yenyewe pia kutakuwa na wasemaji, kwa orodha.

Wa kuandika yote hayo? Mimi. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri! Huu mwandiko utanipeleka pabaya.

Nimepewa daftari jipya, jalada gumu lenye picha ya maua, haya yanayoingia siku hizi kutoka nje kwa makontena. Luhende angeliona angesema ni la harusi.

Jumatatu, 12 Juni

Nimeanza na Sajini Kristofa wa stoo. Akajifuta mdomo, akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Andika: marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda ugali. Nikaandika. Akafikiri. Akaanza kucheka peke yake mpaka machozi.

Weka na ile ya arobaini na sita, akasema.

Nikamwuliza ipi. Kana kwamba siijui! Akanisimulia mimi, mimi niliyekuwepo. Kwamba mwaka 91 Luhende alikuwa Sajini, V tatu begani. Jioni moja genge la wafungwa likarudi kutoka shamba la pamba, yeye akahesabu arobaini na sita, akatia sahihi, akafunga lango. Waliokuwa ndani ni arobaini na tano! Mmoja yuko porini anakula upepo. Wakamshusha cheo, akawa Koplo, na Koplo amekufa. Mtu wa Shishiyu, zizi la ng'ombe nyumbani, anashindwa kuhesabu watu waliochuchumaa!

Ndipo lilipotoka jina. Arobaini na Sita. Akienda kantini kununua mayai mawili, muuzaji anamwambia hesabu vizuri afande. Hata wafungwa walilijua. Hata kasisi.

Kristofa hana ubaya. Alimpenda. Siku ya msiba ndiye aliyekwenda kumpa mjane gunia la mahindi na hakumwambia mtu. Nimeandika maneno yake yote, kwa wino wa bluu, mstari baada ya mstari.

Jumanne, 13 Juni

Leo sina zamu. Mwanangu Eliza yuko kwa jirani anacheza. Niandike sasa. Hapa hakuna anayesoma isipokuwa mimi.

Aliyehesabu ni mimi.

Luhende alikuwa hahesabu kabisa. Hilo halijui mtu ila aliyewahi kukaa naye langoni. Kwao ng'ombe hawanyooshewi kidole wakahesabiwa, ni mkosi. Mchungaji anasimama mlangoni mwa zizi, anawatazama wanavyoingia, halafu anasema nani hayupo. Basi na wafungwa aliwafanyia vivyo hivyo. Anasimama, mikono nyuma, anawatazama nyuso. Hajaingia yule mwenye kikohozi. Yule kipara yuko wapi? Namba za kwenye daftari niliandika mimi, yeye anatia sahihi.

Jioni ile walipita wawili wawili. Nikaandika arobaini na sita. Luhende akasema hajaingia yule kijana wa Kimali. Nikasema wametimia, afande. Akasema sijamwona. Na mimi — Mungu anisamehe — nikamwambia, afande, hawa siyo ng'ombe, hii ni hesabu. Nina cheti cha kidato cha nne!

Alicheka. Akasema haya, msomi ameshasema. Akatia sahihi.

Nyapara wa genge alikuwa ameingia, akatoka kuleta magunia, akaingia tena. Nilimhesabu mara mbili. Kosa la kitoto kabisa.

Asubuhi mkeka mmoja ulikuwa mtupu. Wakaja wakubwa kutoka mkoani, Shinyanga. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi, na mimba ya Eliza ina miezi minne, bila ndoa. Ningefukuzwa siku ile ile. Luhende akanivuta nyuma ya stoo. Akasema, jana wakati wa kuhesabu wewe ulikuwa umekwenda chooni. Nikasema sikwenda. Akasema, kuanzia sasa ulikwenda. Nikalia. Akasema acha kulia, wewe bado uko kwenye majaribio, mimi nilishajaribiwa na mizinga. Watatoa V moja tu. Mkono utakuwa mwepesi.

Nikaandika maelezo kwamba nilikuwa chooni. Nikatia sahihi yangu. Yule mfungwa alirudi mwenyewe siku ya nne, kwa miguu, akabisha hodi langoni! V ya Luhende haikurudi.

Mwaka jana na mimi nimepanda, Koplo. V mbili, sawasawa na zake. Siku hiyo alinisimamisha mbele ya kantini, akanipigia saluti ya kishindo. Afande, naomba ruhusa ya kwenda chooni! Watu walicheka, hawajui wanachocheka. Nami nikacheka nao. Miaka minne nimecheka.

Jumatatu, 19 Juni

Marcelo amezungumza saa mbili na robo. Daftari limeliwa kurasa kumi na moja. Kwa maelezo yake vita vya Kagera vilipiganwa na watu wawili, yeye na Luhende, na yeye ndiye aliyetangulia. Kristofa alipita dirishani akamwuliza mbona hasemi alikuwa jikoni anapika maharage. Marcelo akasema jeshi lisilokula halikomboi mji. Nikaliandika na hilo.

Lakini jambo moja alilisema bila kicheko. Walikuwa wanahama kambi, ng'ambo ya Masaka, mvua inanyesha, watu wamerundikana kwenye lori chini ya turubai. Ofisa akahesabu, akasema wote wapo, twende. Luhende akagonga bodi. Simama. Joakim hayupo. Ofisa akasema nimehesabu. Luhende akasema sawa, afande, lakini Joakim hayupo. Wakamrudia, wakamkuta kwenye handaki, homa imemshika hata hawezi kuita. Kumbe kwenye lori walikuwa wamempakia raia mmoja aliyekuwa anakimbia vita, akajibanza katikati yao, ndiyo namba ikatimia. Joakim yu hai mpaka leo, analima mpunga.

Halafu Marcelo huyo huyo akapiga paja. Na bado mtu huyo akaja kushindwa na arobaini na sita! Umri, Apolonia. Umri unaondoa macho.

Mwaka 91 Luhende alikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nikamwuliza kama ataongeza chai.

Jumatatu, 26 Juni

Habari za leo siyo nzuri. Waraka umekuja, serikali inapunguza watumishi. Nani atabaki, nani ataondoka, hakuna anayejua. Kristofa anajua lakini, kama kawaida yake. Anasema watachambua mafaili, na mwenye doa lolote atakuwa wa kwanza. Mwenye kesi, mwenye barua ya onyo, mwenye maelezo ya uongo.

Alisema hivyo hivyo, maelezo ya uongo, huku anapekua mfuko wa chumvi. Hakuwa ananisema mimi. Nilihisi masikio yanawaka.

Siku hizi kila kitu huria. Pamba huria, wanunuzi binafsi wamejaa na mizani yao kila njia panda. Vyama huria, kila wiki bendera mpya. Sasa na askari wataachwa huria. Niende wapi na Eliza? Mama yangu ana magunia mawili ya mtama na ushauri mwingi.

Kwa hiyo: nyamaza, Apolonia. Andika kumbukumbu za watu, funga daftari, kabidhi. Luhende mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Jumamosi, 1 Julai

Mama Sayi amekuja kotasi kufunga vyombo. Nimemsaidia. Binti yao, Sayi, yuko kidato cha kwanza, mrefu kama baba yake, anafunga masufuria kwa kamba kana kwamba masufuria yatatoroka.

Mama Sayi kaomba nimsomee kitabu kilivyofikia. Nimesoma ya Marcelo, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikafika kwa Kristofa. Nilitaka kuruka. Akasema mbona umenyamaza, ni ile ya arobaini na sita? Soma tu.

Nikasoma. Alitabasamu. Halafu akasema kwa upole, akikunja shuka: Mwenyewe alikuwa anacheka wakimwita hivyo. Ila akishacheka lazima ainame afunge kamba za viatu. Hata akiwa amevaa ndala.

Mimi nimemwona akifanya hivyo mara ngapi! Nikidhani ni mgongo.

Sayi akauliza, bila kunitazama, eti Koplo, baba alikosea vipi? Maana yeye ndiye aliyenifundisha kujumlisha, kwa punje za mahindi, kabla sijaanza shule. Shuleni wananiita binti Arobaini na Sita. Mama yake akamwambia nenda kalete ndoo.

Tulipobaki wawili Mama Sayi akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma: mayu, si wewe uliyekuwa naye langoni mwaka ule? Nikasema ndiyo, mama. Nikangoja. Akasema, alikuwa anasema una mwandiko mzuri.

Basi, akachukua shuka lingine akaendelea kukunja. Nimerudi nyumbani nimekaa kwenye kigoda, Eliza ananiuliza mbona hunipikii.

Jumanne, 4 Julai

Wanne wamesema leo. Watatu wametaja arobaini na sita. Wa nne amesahau, akarudi mbio kutoka bwaloni kuongeza.

Jumamosi, 8 Julai

Niko getini, saa tano. Anakuja mwanamume na baiskeli, beseni la samaki wakavu nyuma, kofia ameivua tangu mbali. Mwangaluka, mayu. Nikaitika. Akasema naitwa Malimi, natoka Lamadi, nafanya biashara ya samaki, zamani nilikaa humu ndani. Nikamtazama. Wa Kimali! Amenenepa, ndevu zimemtoka, lakini ni yeye.

Kasikia kwa madereva kwamba Afande Luhende amefariki na kuna arobaini. Anaomba na yeye aseme neno siku hiyo. Nikamwambia liseme, niliandike.

Kasimulia kwamba jioni ile alikuwa amepata habari mama yake anakata roho. Akajilaza kwenye mtaro chini ya ukuta, karibu na lango, akingoja giza. Akasikia yote. Akamsikia afande anasema, hajaingia kijana wa Kimali. Nilijua nimekwisha, anasema, nikataka kusimama nijitoe. Halafu sauti ya mwanamke ikasema wametimia, afande.

Alimkuta mama yake yu hai bado. Alimzika siku ya tatu. Aliporudi, Luhende — wakati huo ameshanyang'anywa V — alimfungulia lango, akamwuliza swali moja tu: umemzika? Akasema nimemzika. Luhende akasema pole, ingia, umechelewa chai.

Mimi kalamu imesimama. Malimi ananitazama. Sauti yako, mayu, akaanza. Akaacha. Akageuka kuwafukuza nzi kwenye beseni.

Nikamwambia orodha ya wasemaji imejaa. Uongo mtupu! Orodha ina nafasi tele, Mkuu anatafuta watu. Malimi akaitikia kwa kichwa, polepole. Akasema, usiwe na wasiwasi. Mimi siwezi kuharibu riziki ya mtu. Nimeshamharibia mmoja, inatosha.

Kisha akanipa sato wawili wakavu, wakubwa. Nimekataa. Kawaacha juu ya benchi, akapanda baiskeli.

Jumapili, 9 Julai

Nimekwenda misa. Sikukomunika.

Samaki nimewapika. Watamu. Nimekula nikijichukia, na nikaongeza ugali.

Jumatano, 12 Julai

Kristofa kaniita stoo na uso wa mtu mwenye zawadi. Funga mlango, anasema. Akafunua gunia.

Jiwe la kaburi! Zege, limesuguliwa, limepakwa chokaa, zuri kweli. Wamelitengeneza kimyakimya, yeye na Marcelo, kwa mkono wa mfungwa mmoja fundi wa Maswa. Herufi zimechongwa kwa patasi, zimejazwa rangi nyeusi:

KOPLO LUHENDE NGASSA
1952 – 1995
"AROBAINI NA SITA"
PUMZIKA KWA AMANI AFANDE

Unaonaje, anasema, anaruka ruka. Mkuu ameliona, amesema linapendeza, linaonyesha upendo. Litasimikwa Jumamosi wasemaji wakimaliza. Nikasema hilo jina la utani... mjane ameulizwa? Akasema ni surprise! Nikasema labda tungeweka cheo na majina tu. Akanishangaa. Apolonia, akasema, jina la utani ndilo mtu mwenyewe. Cheo ni cha serikali.

Kwa kweli huwezi kumkasirikia. Amekesha kulipaka chokaa. Ana chokaa mpaka kwenye nyusi.

Daftari lile mtu anaweza kulifunga. Linaweza kuliwa na mchwa, Shishiyu mchwa wapo. Lakini zege? Watoto wa Sayi watakuja kulisoma. Watauliza ni nini, na mtu atawaeleza, tena kwa kicheko.

Alhamisi, 13 Julai

Nimemwendea Mkuu. Nimesimama mlangoni, nimepiga saluti. Akasema sema. Nikasema afande, kuhusu jiwe. Akasema zuri eeh? Nikasema zuri, afande. Akasema kuna jingine? Nikasema hakuna, afande.

Nikapiga saluti nyingine nikatoka. Saluti nzuri. Kwa saluti na mwandiko sina mpinzani wilaya hii.

Ijumaa, 14 Julai

Orodha ya wasemaji imekamilika. Mkuu, kasisi, Marcelo, Kristofa, mwakilishi wa ukoo, mwenyekiti wa kijiji. Sita. Nimeiandika mara mbili, ya kwanza nilidondoshea chai.

Nimejaribu kupiga hesabu ya mambo. Nikisema, nafukuzwa au sifukuzwi. Nikifukuzwa, narudi kwa mama. Nitauza mandazi njia panda ambako wanunuzi wa pamba wanapanga foleni. Wapo wanaoishi hivyo na hawajafa. Nisiposema, nabaki na V mbili na kila siku napita pale stoo alipoliambia chozi langu likauke.

Nimejaribu kusema kwa sauti, mbele ya kioo, nikiwa nimevaa kombati. Aliyehesabu ni mimi. Eliza akaitikia kutoka uani, umehesabu nini mama?

Jumamosi, 15 Julai. Shishiyu

Naandika hapa hapa, nyuma ya nyumba, nimekalia gunia la pamba. Daftari hili dogo nimekuja nalo mfukoni, sijui kwa nini.

Tumewahi! Mkuu hakuliamini tena lori la gereza, ameomba lifti kwa mnunuzi mmoja wa pamba. Tumepanda juu ya magunia, gwaride zima. Tumefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya wenyeji kuamka vizuri. Kombati zimejaa nyuzi nyeupe, tunafanana na kuku walionyonyolewa nusu. Mama Sayi katutazama tunavyoshuka, akaziba mdomo kwa khanga. Wabeja, asanteni, akasema, leo mmekuja kumwamsha.

Njiani, juu ya magunia, nilitoa orodha. Nikaandika jina langu chini, la saba. Tulipofika darajani nikalikata. Tulipoanza kuona nyumba za Shishiyu nikaliandika tena juu ya mkato. Halafu lori likasimama, Mkuu akanyoosha mkono, nikampa.

Malimi yupo. Kaja na baiskeli tangu jana, Lamadi mpaka hapa! Yuko na wanaume, anapasua kuni. Tulipokutana kisimani akasema, mayu, nimekuja kusikiliza tu.

Misa imekwisha. Kasisi kasema vizuri, kwa kifupi. Mkuu kasema kwa kirefu. Mwenyekiti wa kijiji akatumia nafasi kutusalimu kwa niaba ya chama chake, akazomewa kidogo. Kristofa kasema ile yake, uwanja mzima umelala kwa kicheko, wazee wa ukoo wanapigana mabega. Nilimtafuta Mama Sayi kwa macho. Alikuwa anacheka. Sayi hakuwa anacheka. Sayi alikuwa anatazama vidole vyake.

Ndipo nilipotoka nikaja huku nyuma.

Sasa anazungumza Marcelo. Amefika Masaka. Ana safari ndefu bado mpaka afike Kampala, na leo hakuna wa kumkumbusha maharage. Jiwe liko karibu na kaburi, limefunikwa kitenge kipya. Fundi amekwisha kuchanganya zege, amelifunika kwa gunia lililoloweshwa. Kila baada ya dakika anachungulia. Anasema kwa jua hili haliwezi kungoja sana.

Angalia huu mwandiko! Mwandiko wenyewe ulionifikisha hapa, leo umekuwa wa kuku.

Kristofa amekuja. Amesimama mbele yangu, nyuzi za pamba kwenye masharubu. Mkuu anauliza: jina la saba limekatwa halafu limeandikwa, sasa lisomwe au lisisomwe? Nimemwambia subiri, namalizia mstari. Anasema unaandika nini, Apolonia, watu wanangoja.

Sina ninachoandika.

Nimemwambia lisomwe. Na nimemwambia amwombe fundi asiguse lile jiwe kwanza, mpaka nitakapokaa.

Kristofa kacheka. Kasema sawa, lakini uwachekeshe, Marcelo amewachosha. Ameondoka mbio. Namwona anamnong'oneza Mkuu. Mkuu anatoa miwani mfukoni. Marcelo amekwisha, watu wanapiga makofi, Mama Sayi amegeuza shingo anatazama huku kwenye nyumba.

Wameita jina langu.